Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Idara ya Hali ya Hewa: tufungulie faili za puto la hali ya hewa la Dagoretti

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mwezi uliopita, katikati ya somo la sumaku, mwanafunzi wangu alinyoosha kidole dirishani akauliza ni nani amepanga mawingu kama mabati. Nyuma ya vilima vya Ngong kulikuwa na mistari mitano ya mawingu, imeachana kwa nafasi sawa, imetulia palepale ilhali upepo unavuma. Sumaku tukaziweka kando.

Nilimweleza hivi: upepo wa mashariki ukikumbana na vilima husukumwa juu. Hewa iliyopanda hupoa, ikawa nzito kuliko ya jirani, ikashuka. Ikishuka hupitiliza, ikabanwa, ikapata joto, ikarudi juu. Wimbi ndilo hilo. Wingu hujitokeza kwenye mgongo wake penye baridi na kufutika bondeni. Wanafizikia huyaita mawimbi ya graviti (si yale ya Einstein, hayo ni habari nyingine kabisa). Dhoruba za radi za Ziwa Victoria nazo huyazaa.

Hayaishii mawinguni. Kadiri wimbi linavyopanda, hewa ya kutikiswa inapungua, kwa hiyo mtikisiko unakua. Kilomita 90 juu, hewa ni nyepesi zaidi ya mara laki tatu kuliko ya usawa wa bahari, na wimbi lililoanza kama pumzi tu linaweza kuwa limekua mara mamia. Huko huvunjika kama mawimbi ya bahari yanavyovunjika mwambani, na msukumo wake ukabaki kwenye upepo wa huko. Yanayoponyoka huzimwa zaidi ya kilomita 100 juu, ambako hewa ni hafifu mno na mnato (msuguano wa hewa kwa hewa) una nguvu ya kuyalainisha hadi yapotee. Mwaka 1960 Colin Hines, akiwa Kanada, alieleza kwa mawimbi haya vurugu za upepo zilizokuwa zikionekana kwenye mikia ya vimondo.

Mengine hayafiki mbali hivyo. Yakikutana na upepo unaokwenda upande wao kwa mwendo wao, humezwa. Hapo ndipo Nairobi inapoingia. Juu ya ikweta, kilomita 20 hadi 30 hivi, upepo huvuma kutoka mashariki, kisha ukageuka ukatoka magharibi, mzunguko mzima ukichukua kama miezi 28, na mawimbi yanayomezwa ni sehemu kubwa ya kinachougeuza. Mwaka 2016 mzunguko huo ulivurugika, wataalamu wakaduwaa. Puto lako la Dagoretti, hapa Nairobi, linalobeba vipimo vya hewa, hupaa humohumo.

Puto hupanda kama mita 5 kwa sekunde hadi lipasuke, kilomita 30 hivi juu. Ukichora vipimo vya kila sekunde, mstari wa joto hujipinda kama nyoka. Mikunjo hiyo ndiyo mawimbi. Ripoti fupi, yenye vipimo vya vimo vichache tu, huifuta yote. Ni sawa na kumwonyesha mtu misumari ukamwambia ameona mabati.

Vipimo vya puto la ozoni la Nairobi vimekuwa kwenye SHADOZ, mradi wa kimataifa wa kukusanya vipimo vya ozoni, tangu 1998, na yeyote anaweza kuvipakua. Naomba na puto la kawaida lifunguliwe hivyo: faili za sekunde kwa sekunde, bila ada, bila barua yenye muhuri wa mwalimu mkuu. Watabiri pia watafaidika, maana mengi ya mawimbi haya ni madogo kuliko miraba ambayo kompyuta zao huigawia anga, hivyo huyakadiria tu, na Afrika ya ikweta ina vituo vichache mno vya kuwasahihisha.

Nina wanafunzi 43 na kompyuta tatu, moja haina kitufe cha R. Zinatosha. Tukipata faili ya siku moja tu, yule wa mabati ndiye atakayehesabu mikunjo.

Wako,
Mwalimu wa Fizikia, Ngong