Bodi haipati faida kwa kuhesabu vichwa

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka mingi nikanyamaza, lakini ile habari yenu kwamba kampuni zenye wanawake wengi kwenye bodi hupata faida zaidi imenishinda. Mwandishi wenu amezishika ripoti za McKinsey, kampuni ya ushauri wa biashara, kama msahafu. Mbona hakugusia kwamba mwaka 2024 watafiti Jeremiah Green na John Hand walijaribu kuyapata matokeo ya ripoti hizo, yale ya mchanganyiko wa rangi na makabila ya viongozi, kwa kampuni kubwa za Marekani zilizo kwenye orodha ya S&P 500, wakayakosa? Wala hakujiuliza kama wanawake ndio walioleta faida, au ni kampuni iliyokwisha kushiba ndiyo iliyoona haipungukiwi kitu ikiwaita.

Norwei ilitunga sheria mwaka 2003, na kufikia 2008 kampuni ambazo hisa zake huuzwa kwa umma zikabanwa: takriban asilimia 40 ya bodi wawe wanawake, isiyotimiza ivunjwe. Wako wataalamu waliosema thamani ya kampuni ilishuka. Wengine wakazipitia upya hesabu hizo wasilione anguko. Corinne Post na Kris Byron walikusanya tafiti 140 mwaka 2015: penye wanawake zaidi kwenye bodi, faida ya kwenye vitabu vya hesabu ilikuwa juu kidogo, lakini kwenye soko la hisa tofauti ilikuwa karibu na sifuri.

Sisemi wanawake wasiingie. Mimi nalima tumbaku hapa Sikonge, na nilichaguliwa kwenye bodi ya chama chetu cha msingi nikiwa nimestaafu uhasibu. Siku ya kupitisha mbolea nilikabidhiwa kabrasha kikao kikiwa kimeshafunguliwa. Nafunua, nakuta muhtasari wa kikao hichohicho umekwisha kupigwa chapa, na jina langu limo: nimeunga mkono hoja! Nikajumlisha ekari za wanachama palepale. Mifuko iliyoagizwa ilizidi mashamba yetu yote. Nikauliza ya ziada inakwenda kulimia wapi. Mwenyekiti akacheka, akasema, "Mama, wewe weka sahihi tu, tunahitaji akina mama waonekane." Sikuweka. Yakapita vilevile, maana wanaume walishakubaliana tangu jana yake, na masoko yalipofunguliwa deni la mifuko hiyo likakatwa kwenye tumbaku ya kila mwanachama, hata wajane waliofunga mabelo mawili matatu. Kwenye taarifa ya mwaka tukasifiwa kwamba bodi yetu ina uwakilishi wa kijinsia. Sasa mtafiti akija akatuhesabu, ataandika nini? Kwamba wanawake wameleta hasara?

Halafu hivyo vikao vyenyewe! Ghala letu lina ofisi, meza na viti, lakini bodi lazima ikutane Tabora mjini, hotelini, wajumbe walipwe nauli na posho ya kulala, ilhali mkulima anaambiwa fedha za mauzo bado ziko njiani. Kikao kinaanza saa kumi jioni ili kulala kuwe lazima. Mwenye mtoto mchanga anaomba udhuru, na akidi inatimia bila yeye.

Kwa hiyo wanaohesabu wanawake kwenye bodi wahesabu pia kila mmoja alipata kabrasha siku gani, na ni maamuzi mangapi yaliyobadilika baada ya yeye kusema. Na kwa vyama vyetu, makabrasha yafike siku saba kabla, na posho asipewe mjumbe yeyote, mwenyekiti akiwamo, mpaka asimame ataje bila kuchungulia jumla ya mifuko aliyoipitisha. Akikosea apewe nauli tu, tena ya basi.

Mama mkulima,
Sikonge, Tabora