Swali lako la kwenye matanga

Somo yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ukiondoa jino langu, na hilo nitalifikia. Una haki ya kuninunia, maana tangu matanga ya Mjomba sijakuandikia hata mstari. Swali lako ndilo lililonikwamisha. Tulipokuwa tunasuuza zile sahani za pilau ulininong'oneza, "Hivi wema wote ule ulimfaa nini?" Nikajifanya sikusikia.

Nilisikia. Na unanijua, nikakimbilia kwa wanafalsafa wangu wa Kigiriki.

Nilianza na Wastoa, wafuasi wa Zeno wa Citium, aliyefundisha Athens yapata mwaka 300 K.K. kwenye baraza lenye michoro. Stoa kwao ni baraza hasa, kwa hiyo ni wanabaraza kama wazee wetu wa kahawa, ila hawa hawachezi bao. Wao wanasema uadilifu peke yake unatosha. Umaskini, maradhi, kufiwa, vyote havigusi heri ya mtu. Nikasema, ahaa, Mjomba kafuzu! Nikashika kalamu nikuandikie usiku ule ule, ndipo jino likaanza. Gego la chini, saa nane za usiku, nimeng'ata upindo wa kanga na karafuu imeshaniunguza ulimi. Nikamkumbuka Dionysius wa Heraclea, mwanafunzi wa Zeno mwenyewe. Macho yalimuuma hadi akashindwa kusema maumivu si kitu, akahamia kwa wale wanaosema raha ndiyo lengo la maisha, wenzake wakambandika jina la Kigeugeu. Maskini! Usiku ule mimi na yeye tulikuwa chama kimoja.

Aliyekesha nami ni Aristotle. Kwake, anayedai kwamba mtu mwema ana heri hata akiwa anateswa, anapiga porojo tu. Anamtaja Priam, mfalme wa Troy, aliyeishi kwa neema kisha uzeeni yakamfika makubwa: nani atamwita mwenye heri? Lakini hapo hapo anasema mtu mwema hawi wa kusikitikiwa moja kwa moja, kwa kuwa hatatenda la kuchukiza. Atafanya lililo bora kwa alichonacho, kama fundi viatu anavyoshona kiatu kizuri kwa ngozi aliyopewa.

Sasa Mjomba alipewa ngozi gani, Somo? Nyumba inavuja, mguu ule, na yule mwanawe, bora ninyamaze. Lakini unaikumbuka siku aliyoirudisha ile bahasha? Tulikula muhogo bila nazi wiki nzima, naye ndiye aliyeumenya, anapiga mluzi. Neno lao, eudaimonia, watu hulitafsiri furaha, mimi naona linakaa karibu zaidi na heri, kitu cha maisha mazima, si cheko la harusini. Kwa hiyo mluzi mmoja hautoshi. Aristotle mwenyewe alisema mbayuwayu mmoja haleti majira ya machipuko. Hata hivyo kila nikifikiria bahasha ile...

Ndiyo maana nakuuliza wewe, uliyemuuguza. Ule mluzi ulikuwa wa kweli, au alikuwa anatutuliza sisi watoto? Mwishoni alilalamika? Aliwahi kuitaja bahasha? Alijutia? Na sinia langu la shaba liko kwako au kwa Wifi?

Jino nang'oa Jumatano. Niandikie kabla ya hapo, nipate cha kusoma kwenye foleni.

Wako,
Somo