Ngoma, kamera na Sanduku la Bwana

Ndugu yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Habari za siku nyingi? Sisi hatujambo, ukiacha mafua. Mzee wa Besi anakusalimu. Bado anaimba kwa sauti inayowaamsha watoto wachanga.

Nina shida, ndiyo maana nakuandikia mbio mbio. Wameniingiza kwenye kamati ya ibada, na kikao kijacho kina ajenda moja tu: kurudisha uchaji kanisani. Usicheke. Wazee wana orodha yao: ngoma, gitaa, taa za rangi, mavazi ya waimbaji. Vijana nao wamejihami kwa Zaburi ya 150, na matoazi yao yavumayo sana. Mimi nimekaa katikati kama refa asiye na filimbi.

Kwangu mimi, wote wamebisha mlango usio wenyewe. Hebu isome tena 2 Samweli 6, taratibu. Safari ya kwanza ya Sanduku la Agano ilikuwa na vinubi, matari na matoazi, na Uza, aliyenyosha mkono akalishika, akafa. Safari ya pili ina shangwe na tarumbeta, na mfalme Daudi anacheza kwa nguvu zake zote hadi mkewe anamdharau. Kelele zipo safari zote mbili! Kilichobadilika ni namna ya kulibeba. Mwanzo walilipakia kwenye gari jipya, ng'ombe wakavuta. Baadaye likabebwa na watu, Walawi, mabegani, kama torati ilivyoagiza. Gari lilikuwa rahisi zaidi, nadhani, na lilipendeza macho.

Halafu nani atuamulie ala iliyo takatifu? Mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi alikataza piano kanisani, akaiweka fungu moja na ngoma. Leo mzee wetu (unamjua) anataka ngoma zitoke, piano irudi, eti ndipo tutapata utulivu.

Sasa sikia kilichoniumiza. Kwenye Meza ya Bwana iliyopita, mpiga picha alimwomba mshirika apokee mkate tena kwa sababu picha haikutoka vizuri. Akapokea tena! Na siku hiyo hapakuwa na ngoma hata moja. Kwaya ilikuwa kwenye tenzi, taratibu kabisa, wazee wamefumba macho. Hakuna aliyelileta jambo hilo kwenye kamati. Papa Fransisko alilalamika hivyo hivyo Novemba 2017: padri husema "inueni mioyo", hasemi inueni simu. Akaongeza kwamba hata baadhi ya mapadri na maaskofu huziinua. Kwetu nako... basi, hayo tutaongea uso kwa uso.

Sisemi kamera ziondolewe zote. Mama hatoki tena kitandani, ibada anaifuata kwenye simu, na ikifika sala ya Bwana anaomba ainuliwe aketi. Ukitaka kuona kicho cha Waebrania 12, nenda kamwangalie yeye. Lakini kamera ya kumfikishia ibada mgonjwa na kamera ya kumtengenezea mtu picha si kazi moja, na sijui nitaiandikaje tofauti hiyo kwenye kanuni bila kuonekana nimewakomoa vijana. Maana wataniuliza Uza alikosa nini, alitaka tu Sanduku lisianguke. Na kweli, nia yake haikuwa mbaya. Hapo ndipo ninapokwama kila nikirudi kwenye ile sura.

Kwa hiyo naomba msaada wako. Ninyi mlipitisha utaratibu wa wapiga picha, au ilibaki maneno? Kama upo, unaweza kunitumia? Wakati wa ubatizo wanasimama wapi? Na nani anawaambia, mchungaji au shemasi? Bibi harusi akiukataa utaratibu huo je? Tena, yule mwalimu wako wa kwaya aliwezaje kuwafanya vijana waombe kabla ya kujaribu vipaza sauti? Nijibu kabla ya kikao, hata kwa mistari miwili.

Wasalimie nyumbani.

Ni mimi, rafiki yako wa siku zote