Mama, jiko la mkaa litoke chumbani

Leeds, Uingereza

Shikamoo Mama,

Ombi la Masanja la hela ya jenereta ya saluni limenifikia. Nitalijibu, ila kwanza hili la jiko, maana tangu Kabula anisimulie usingizi umenipaa.

Anasema mvua zikinyesha mnalala na jiko la mkaa chumbani, asubuhi mnaamka vichwa vinagonga na kichefuchefu juu, mnasema malaria. Malaria gani hiyo inayowashika watu watatu usiku mmoja, mkikaa uwanjani inawaachia? Hiyo ni kaboni monoksaidi, hewa ya mkaa. Haina harufu wala rangi, na inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala anaweza asiamke kabisa.

Masanja asiwadanganye kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu hauna neno. Usio na moshi nao unaitoa, na beseni la maji pembeni haliizuii.

Kinachoniuma ni matundu. Fundi alitaka kuyaruka, nikakomaa naye kwenye simu mpaka kila chumba kikapata tundu la hewa juu ya dirisha, na wavu wake. Buswelu nzima watu walikuja kuitazama nyumba yako, Mama! Leo Masanja anayaziba kwa magunia na saruji, eti mbu. Chandarua kina kazi gani?

Huku baridi ipo, tumeizoea. Nimepandishwa cheo kazini, nasimamia zamu nzima. Ila ikifika Jumapili namkumbuka sato wa Mwaloni mpaka chakula hakipiti.

Mama Neema anakuja na begi lako. Ndani mna mablanketi mawili mazito na king'ora cheupe kinacholia kikiinasa hewa hiyo ya mkaa, kama hiki kilichopo ukutani kwangu karibu na boila, mtambo wa kupasha maji. England tangu Oktoba 2022 mwenye nyumba wa kupangisha analazimika kukiweka. Kikilia, tokeni nje wote kwanza, halafu hospitali ya Bugando mkapewe oksijeni. Lakini kisiwe kibali cha kurudisha jiko ndani.

Jenereta nitanunua Masanja akishazibua matundu na kunitumia picha. Na haitakaa kwenye korido ya saluni wala barazani, maana nayo inatoa hewa hiyo hiyo; ikae nje kabisa, mbali na madirisha.

Hela ya mtungi wa gesi nimeituma kwa namba ya Kabula, siyo ya Masanja.

Mwanao,
Nyanzala