Kichujio hutoa alama tu, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Kwa kuwa sasa wewe ndiye unayefungua barua pepe za ofisi hapo Kampala, ujue barua taka (spam) zinavyopenya kichujio, yaani programu inayozizuia.

Kichujio hakisomi kama mtu, kinajumlisha alama. SpamAssassin, mojawapo ya vichujio hivyo, usipoibadilisha mipangilio, huihesabu barua kuwa taka alama zikifika 5. Kwa hiyo tapeli hatafuti usafi, anatafuta 4.9.

Ujanja mmoja ni wa herufi. Chukua neno "pesa", uiondoe ile a, uweke a ya Kirusi. Jicho halioni tofauti. Kompyuta inaona, maana katika Unicode, orodha ya namba za herufi zote, ya kwanza ni 0061 na ya pili 0430. Ukishuku, bonyeza Ctrl na F, uliandike neno hilo mwenyewe: liko mbele ya macho yako, lakini kompyuta itakuambia halipo. Vichujio vizuri siku hizi huzirudisha herufi hizo kwenye asili yake kabla ya kupima.

Wengine humwaga maneno mema chini ya barua, habari za mpira au mapishi, kwa maandishi meupe juu ya weupe. Bonyeza Ctrl na A uyaone yakijitokeza. Mara nyingi ni kazi bure, kwa sababu maneno yanayopunguza alama ni yale ya barua zenu za kila siku, na tapeli hayajui. Akiiba akaunti ya mfanyakazi mwenzako, anayajua yote. Hapo ndipo pagumu.

Msimbo wa QR ndani ya PDF nao huficha kiungo kisisomeke kama maandishi, kisha ukaufungua kwa simu yako, nje ya ulinzi wa ofisi.

Usidanganywe na SPF, DKIM na DMARC, vipimo vya kuhakiki mtumaji wa barua, kuandikwa "pass", yaani imepita. Zinathibitisha kikoa kilichotuma, yaani jina lililo baada ya @, si tabia ya mwenye kikoa. Tapeli aliyenunua kikoa chake huzipita zote tatu bila jasho. Basi anwani uisome kutoka kulia. Ukiona ura.go.ug halafu nukta, jina jingine na .com, mwenyewe ni huyo wa mwisho, si mamlaka ya kodi.

Na ukitaka kuwapigia wanaotajwa kuituma barua ili kuuliza, namba itoe kwenye faili la ofisi, usiichukue kwenye barua hiyohiyo.

Mimi mama yako