Sauti zile usizifute

Rafiki yangu mpenzi,

Barua yako imenifikia, na moyo ukanipasuka pale uliposema unataka kufuta sauti zote ulizowarekodi akina mama wa vita, kwa kuwa gazeti lilishafungwa, nawe uko ugenini, na "mle hamna habari". Nakusihi, subiri kwanza.

Wiki hii nimekesha nikimsoma Svetlana Alexievich, mwandishi wa habari wa Belarusi. Alizunguka na kinasa sauti, nyumba kwa nyumba, akiwasikiliza wanawake waliopigana Vita Kuu ya Pili katika jeshi la Kisovieti. Walikuwa takriban milioni 1, lakini waliosimulia vita walikuwa wanaume. Kitabu kilitoka 1985, kimeshatiwa mkasi. Unajua mkaguzi wa serikali, aliyeamua kipi kichapishwe, alikata nini? Si siri za jeshi! Alikata kisa cha wasichana 200 wanaotembea juani, wako katika siku zao, hawana hata kitambaa, na nyuma yao mchanga una madoa mekundu. Askari wanaume waliowafuata wakajifanya hawaoni. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini, nikakaa tu.

Lakini alikuwa amekitunza kisa hicho. Miaka mingi baadaye akakirudisha kitabuni, pamoja na maneno ya mkaguzi mwenyewe.

Aliandika pia vita vya Wasovieti huko Afghanistan, na vijana wao waliorudi katika majeneza ya zinki. Akashtakiwa kwa kitabu hicho huko Minsk, mji mkuu wa Belarusi, na miongoni mwa walioshtaki walikuwamo mama wa vijana hao. Hilo limeniuma kuliko yote. Mwaka 2000 akaondoka kwao, akarejea 2011. Septemba 2020, miaka mitano baada ya kupewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi, wanadiplomasia wa Ulaya walikwenda kukaa naye nyumbani asije akakamatwa na serikali aliyoipinga. Mwisho wa mwezi akaelekea Ujerumani.

Nafikiri kuishi uhamishoni, mbali na kwao, humwumiza zaidi mtu kama huyo, ambaye kazi yake ni kusikiliza, maana wa kumsimulia wamebaki nyuma. Wewe je? Uliondoka na begi moja na simu, na wale mama wamo ndani ya simu hiyo. Yule aliyezungumzia kiatu kimoja cha mwanawe, kile cha kushoto, mpaka ukahisi anakupotezea muda, alikuwa anakupa habari yenyewe, dada.

Kama simu imejaa, nitumie mimi nikutunzie. Anza na ya kiatu, usiku huu huu, kabla hujalala.

Nakukumbuka sana,
Rafiki yako