Mwanangu, shika namba kabla ya jina

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi kwenye kundi la familia umemliza shangazi yako. Umeandika "nimempata babu", chini yake ukaweka jina ulilolitoa kwenye orodha ya waliozama na meli ya askari ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Jina ni lake kweli, herufi kwa herufi. Lakini orodha ile ni ya marehemu, na babu yako alirudi ndipo akatuzaa sisi. Yule ni mtoto wa watu, ana ukoo wake, na huenda nao wanamtafuta.

Tena Waafrika wengi waliozama mle walikuwa wa kikosi cha mizinga. Babu yako alikuwa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), askari wa miguu, batalioni ya 36. Hilo unalijua tangu hujaanza shule.

Katika wajukuu wote ni wewe uliyelivalia njuga jambo hili, na kila anayenitembelea namwambia. Ila una haraka. Namba ya jeshi, mwanangu. Makarani waliandika majina walivyoyasikia, na akina Juma na Saidi walikuwa tele. Namba ndiyo iliyomtenga mtu na wenzake.

Cheti chake cha kuachishwa jeshi kilikunjwa mara nne, na mkunjo umepita juu ya tarakimu ya mwisho. Mimi naona 1, mama yako anaona 7. Mdogo wako atakipiga picha upya, mchana, dirishani, asikiguse guse kwa vidole. Mpaka hapo usimwambie mtu tena kwamba umempata.

Wala medali isikudanganye. Nyota za Burma walizopewa hazikuchongwa jina, kwa hiyo ile tuliyo nayo haithibitishi kitu.

Ukifika kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, kule Kew, London, omba shajara za vita za batalioni. Usitarajie kumkuta humo, zinataja maofisa zaidi kuliko askari. Wewe fuata batalioni: bonde la Kabaw huko Burma kwenye mvua za 1944, kisha Kalewa na mto Chindwin mwezi wa Desemba. Nakili hata kurasa zinazochosha, za matope na magonjwa na kungoja chakula. Hizo ndizo siku zake, na mwenyewe hakupenda kuzisimulia. Lakini namba kwanza, nakusihi.

Shangazi yako mpigie leo, asikie sauti yako, usimtumie ujumbe.

Mama yako hajambo, goti linamsumbua usiku tu. Fundi anaanza kuezua chumba cha uani wiki ijayo, kwa hiyo sanduku la babu nimelihamishia chumbani kwetu, na mama yako analalamika hapapitiki. Chini kabisa kuna karatasi ambazo sijazigusa. Nijulishe unakuja lini, nijue kama tulifungue au tukungoje.

Baba yako